Chunjua: Kinyama kidogo kinachowasumbua wengi, na njia ya kumfikia daktari wa ngozi kutoka Githongo

KWA mchuma chai wa Githongo, mikono ndiyo mtaji. Kila alfajiri, katika miteremko ya mashariki ya Mlima Kenya, wakulima na vibarua wa Imenti ya Kati huingia mashambani umande ukiwa haujakauka, na vidole vyao hurudia kazi ile ile hadi mchana: majani mawili na chipukizi moja, majani mawili na chipukizi moja. Kinyama kigumu kikiota kando ya ukucha, kila tawi linalochumwa hukigusa, hukichubua na pengine kukitoa damu.

Wengi hukiita sugu na kuendelea na kazi. Wengine hukikata kwa wembe jioni, wakitumaini kwamba hakitarudi. Baada ya wiki chache huota tena, na safari hii huja na wenzake.

Jina sahihi la kinyama hicho ni chunjua, na tofauti kati yake na sugu si ya maneno tu. Sugu ni ngozi iliyonenepa kwa kusuguliwa na mpini wa jembe, kamba ya kikapu au kiatu kinachobana. Haimwambukizi mtu, na msuguano ukikoma, nayo hupungua. Chunjua, kwa upande mwingine, ni maradhi ya kuambukiza yanayoletwa na virusi. Mtu anayeichukulia kuwa sugu huweza kuishi nayo miaka mingi, akiieneza kutoka kidole kimoja hadi kingine na kuwagawia watoto wake, bila kujua.

Jambo hili lilithibitishwa zamani. Mnamo 1907, daktari Mwitaliano, Giuseppe Ciuffo, alisaga chunjua, akachuja majimaji yake kwa kichujio ambacho bakteria hawawezi kukipenya, kisha akajipaka majimaji hayo katika ngozi yake mwenyewe iliyokwaruzwa. Baada ya miezi kadhaa, chunjua zikaota mkononi mwake. Ikabainika kwamba chanzo chake ni kitu kidogo kuliko bakteria. Leo kitu hicho kinafahamika kama virusi vya papiloma vya binadamu, ambavyo kote ulimwenguni hutambuliwa kwa herufi HPV. Aina zaidi ya 200 zimekwisha kutambuliwa, na kila kundi lina mahali linapopapenda: baadhi hupenda mikono, baadhi nyayo, baadhi uso, na mengine sehemu za siri.

Virusi hivi haviwezi kuipenya ngozi iliyo nzima. Huingilia penye mchubuko, ufa au ngozi iliyolainika kwa kukaa majini. Ndiyo sababu watu wanaofanya kazi mikono ikiwa imelowa, kama vile wachinjaji, wauza samaki na waosha vyombo, hupata chunjua za mikono kwa wingi kuliko wengine. Mchuma chai anayekwaruzwa na matawi yenye umande hayuko mbali na kundi hilo. Watoto wa shule nao huambukizana wanapocheza pekupeku au kubadilishana taulo, na mtoto mwenye mazoea ya kung'ata kucha huzihamishia midomoni. Kinyozi asiyesafisha mashine yake barabara anaweza kuzipanda kidevuni mwa mteja mmoja baada ya mwingine.

Kutoka siku ya kuambukizwa hadi chunjua ionekane, miezi miwili hadi sita huweza kupita, na wakati mwingine zaidi. Kwa hiyo ni vigumu kusema nani alimpa nani, na lawama za majirani katika jambo hili huwa hazina ushahidi. Ile imani kwamba chunjua hutokana na kumshika chura haina msingi wowote. Ngozi ya chura ina manundu yake ya asili, na virusi vya binadamu haviishi humo.

Zinavyoonekana

Chunjua ya kawaida huota mikononi, hasa migongoni mwa vidole na kuzunguka kucha. Huwa ngumu, yenye uso wa kukwaruza kama wa koliflawa. Ya unyayoni haijitokezi nje kwa kuwa uzito wa mwili huikandamiza. Huzama ndani, na mgonjwa huhisi kama aliyekanyaga kokoto kila anapotembea. Zipo zilizo bapa, laini na ndogo, ambazo hutokea kwa makumi usoni na kwenye mapaji ya mikono, na mara nyingi hujipanga kwa mstari mahali mtu alipojikuna au alipopitisha wembe. Zipo pia zile nyembamba kama nyuzi zinazoning'inia kwenye kope, puani na shingoni.

Ndani ya chunjua huonekana vitone vyeusi. Watu wengi huvitaja kuwa mizizi, na imani hii imewagharimu wengi. Vitone hivyo ni mishipa midogo mno ya damu iliyoganda. Chunjua haina mizizi. Huishi katika tabaka la juu la ngozi peke yake, na hata ile ya unyayoni iliyozama hulisukuma tu tabaka la chini bila kulipenya. Mtu anayechimba kwa sindano au kisu akiutafuta mzizi hupita mahali ugonjwa ulipo na kuijeruhi nyama isiyo na kosa. Atabaki na kovu, na kwa Mwafrika kovu hilo huweza kuumuka likawa kubwa kuliko chunjua yenyewe, huku virusi vilivyobaki pembeni vikianza upya.

Yapo mambo mengine yanayofanana na chunjua. Funza, mdudu anayefahamika vyema katika sehemu nyingi za Kenya, huacha uvimbe mweupe wenye kitone cheusi kwenye unyayo au kando ya ukucha, lakini huwasha na hukua kwa siku chache tu. Vinundu vidogo vyeusi vinavyotokea mashavuni na shingoni kwa watu wazima wenye ngozi nyeusi, na ambavyo mara nyingi huwamo katika ukoo, si chunjua wala si ugonjwa. Havimwambukizi mtu na vinaweza kuachwa jinsi vilivyo. Vipele vya watoto vinavyong'aa kama lulu, vyenye kishimo katikati, huletwa na virusi vya jamii nyingine kabisa.

Madaktari huwa na njia rahisi ya kutenganisha sugu na chunjua unyayoni. Mistari ya asili ya ngozi, ile inayoacha alama kidoleni mtu anapopiga chapa, huendelea juu ya sugu lakini hukatika inapofika kwenye chunjua. Tena sugu huuma inapobonyezwa kutoka juu, ilhali chunjua huuma zaidi inapofinywa kutoka pande mbili.

Kosa la hatari kuliko yote ni kuidhania saratani kuwa chunjua. Saratani ya ngozi aina ya melanoma ni adimu kwa watu weusi, lakini inapowapata hupenda kuanzia unyayoni, kiganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo hakuna anayeitarajia. Mwanamuziki Bob Marley aligunduliwa kuwa nayo mnamo 1977 katika kidole gumba cha mguu, na ikamuua Mei 11, 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Doa jeusi linalopanuka, lenye kingo zisizo sawa au rangi zaidi ya moja, mstari mweusi mpya unaopanuka chini ya ukucha, kidonda kisichopona kwa wiki nyingi, kinyama kinachotoka damu bila kuguswa au kinachoota kwa haraka kwa mtu mzima: hayo yote ni ya kuonyeshwa daktari mapema, wala si ya kupakwa dawa ya dukani.

Jambo jingine linalostahili uangalifu ni wingi. Mtu mzima anayepata ghafla chunjua nyingi mno, hasa zile bapa, na ambazo hazisikii dawa yoyote, huenda kinga ya mwili wake imepungua. Virusi vya Ukimwi ni sababu mojawapo, na kwa watoto waliozaliwa navyo, chunjua bapa zilizotapakaa ni jambo linaloonekana mara kwa mara. Mhudumu mwangalifu humshauri mgonjwa wa namna hiyo kupimwa. Ushauri huo si tusi, na mgonjwa asiukimbie. Wengi wenye chunjua hawana tatizo hilo, lakini aliye nalo hunufaika sana kwa kulijua.

Tiba na mipaka yake

Tiba ya kwanza ni subira. Kwa watoto, karibu thuluthi mbili ya chunjua hutoweka zenyewe katika muda wa miaka miwili, kinga ya mwili inapovitambua virusi. Hakuna dawa inayoviua virusi vyenyewe. Tiba zote huharibu ngozi yenye virusi au kuuamsha mwili upigane navyo. Kwa sababu hiyo mzazi ambaye mtoto wake ana chunjua mbili tatu zisizomuuma hana haja ya kuuza mbuzi ili amfikishe Nairobi.

Zinapouma, zinapoenea au zinapomzuia mtu kufanya kazi, dawa yenye ushahidi mzuri kuliko nyingine ni asidi ya salisiliki, ambayo pia ni ya bei nafuu. Huuzwa katika maduka ya dawa ikiwa ya maji au ya mafuta. Kwa mikono, nguvu ya takriban asilimia 17 hutosha; kwa unyayo, ambao ngozi yake ni nene, huweza kufika asilimia 40. Mgonjwa huroweka sehemu hiyo katika maji ya vuguvugu kwa dakika tano au kumi, akaisugua ngozi iliyokufa kwa kijiwe au tupa ya kucha ambayo haitatumiwa na mtu mwingine, akapaka dawa juu ya chunjua tu, kisha akaifunika. Hufanya hivyo kila siku kwa wiki kumi na mbili. Hapa ndipo wengi hushindwa: huacha baada ya wiki mbili na kutangaza kwamba dawa ni bure.

Dawa hiyo haifai usoni wala sehemu za siri. Mwenye kisukari au mishipa ya damu iliyoziba miguuni asiitumie unyayoni bila idhini ya daktari, kwa maana kidonda kidogo kwake huweza kuishia kukatwa mguu.

Hospitalini, njia inayosifika ni kugandisha kwa naitrojeni ya kimiminika, yenye baridi ya nyuzi 196 chini ya sifuri. Hupulizwa au kupakwa kwa sekunde chache, malengelenge hutokea, na ngozi huambuka baada ya siku kadhaa. Kwa kawaida hurudiwa kila baada ya wiki mbili au tatu. Sifa zake, hata hivyo, zimezidi uwezo wake. Utafiti uliofanywa Uingereza na Ireland na kuchapishwa 2011, ukiwahusisha wagonjwa 240 wenye chunjua za unyayo, ulionyesha kwamba baada ya wiki 12 waliogandishwa na waliopaka asidi ya salisiliki nyumbani walipona kwa kiwango sawa, yaani asilimia 14 hivi kila upande. Takwimu hizo zinavunja moyo, lakini zinamsaidia mtu wa mbali kuamua iwapo nauli ya kwenda kugandishwa ina maana kwake kabla hajamaliza chupa moja ya dawa ya dukani.

Mtu mwenye ngozi nyeusi ana sababu nyingine ya kufikiri. Baridi kali huua chembe zinazoipa ngozi rangi, na baraka huweza kubaki kwa miezi mingi au daima. Kwenye unyayo hilo si neno. Usoni mwa msichana ni jambo zito. Daktari anayewahudumia Waafrika anapaswa kulitaja kabla ya kushika chombo. Hali kadhalika kuchoma kwa umeme na kukwangua, njia zinazofaa kwa chunjua moja sugu, huhitaji ganzi na huacha kovu.

Kuhusu tiba za kienyeji, ni lazima kusema wazi. Utomvu wa mnyaa, mmea unaopandwa kuwa ua wa boma katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki, hutumiwa kuchomea chunjua. Kweli huchoma, lakini haubagui. Tone moja likiingia jichoni huleta maumivu makali na huweza kumpofusha mtu kwa siku kadhaa au kumwachia madhara ya kudumu. Asidi ya betri ni mbaya zaidi. Wembe husambaza virusi kwa damu na majimaji, na ukitumiwa na zaidi ya mtu mmoja huweza kupitisha maradhi makubwa kuliko chunjua. Kufunga kwa uzi au unywele hukata kile kinachoning'inia na kuacha shina lenye virusi.

Kuna pia hizi krimu za dukani zenye steroidi, ambazo huuzwa kama dawa ya kila kipele na wengine huzipaka ili wang'ae. Steroidi hupunguza kinga ya ngozi mahali zinapopakwa. Kwa chunjua, huku ni kumfungulia mwizi mlango.

Chunjua za sehemu za siri

Hizi zina njia yake na hazitibiwi kwa dawa za mikono. Huambukizwa kwa kujamiiana, na aina mbili za HPV, ya 6 na ya 11, husababisha takriban asilimia 90 yake. Aina hizo si zile zinazoleta saratani ya mlango wa kizazi, ambayo kwa sehemu kubwa hutokana na aina ya 16 na ya 18. Mwanasayansi Mjerumani, Harald zur Hausen, ndiye aliyegundua uhusiano huo wa HPV na saratani, akatunukiwa Tuzo ya Nobel mnamo 2008. Lakini aliyeambukizwa aina moja huenda ameambukizwa na nyingine, na kwa hiyo mwanamke mwenye chunjua hizo hushauriwa ahakikishe kwamba uchunguzi wake wa mlango wa kizazi haujachelewa.

Kenya ilianza kutoa chanjo ya HPV kwa wasichana wa umri wa miaka 10 mnamo Oktoba 2019. Chanjo huzuia maambukizi mapya. Haiondoi chunjua zilizokwisha kuota. Mjamzito aseme mapema kwamba ana mimba, kwa sababu podofilini, dawa ya siku nyingi ya chunjua hizi, humdhuru mtoto tumboni. Aibu huwafanya wengi wanunue dawa kwa kificho, na dawa kali katika ngozi laini ya sehemu hizo huacha vidonda vibaya.

Amwone nani?

Madaktari bingwa wa ngozi nchini ni wachache, na wengi wao wako Nairobi na miji mingine mikubwa. Ukweli huo huwafanya wakazi wa mashambani kuamini kwamba hawana msaada hadi wapande basi. Sivyo. Chunjua nyingi hazihitaji bingwa. Muuguzi wa zahanati au afisa wa kliniki katika Hospitali ya Githongo anaweza kuitambua, kuanzisha dawa ya salisiliki na kuangalia iwapo kuna dalili ya jambo kubwa zaidi. Kuanzia hapo kuna faida ya pili: barua ya rufaa. Mgonjwa anayefika hospitali kubwa bila barua hupanga foleni na kuanza hadithi upya.

Hatua inayofuata ni Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Meru, mjini Meru. Zipo pia hospitali za misheni, Consolata iliyoko Nkubu na ile ya PCEA Chogoria katika Kaunti ya Tharaka Nithi, ambayo imewahudumia watu wa upande huo wa mlima tangu 1922. Kliniki za ngozi mara nyingi haziendeshwi kila siku, na daktari huweza kuwa mgeni anayefika kwa zamu. Ni heri kupiga simu au kumtuma mtu aulize siku yenyewe kabla ya kupoteza siku ya kuchuma. Inayobaki ni Hospitali Kuu ya Kenyatta jijini Nairobi, kwa wale wenye ugonjwa usioeleweka, unaodhaniwa kuwa saratani au uliokataa tiba zote.

Wagonjwa wengi hawajui kwamba kati ya afisa wa kliniki wa kawaida na daktari bingwa kuna ngazi ya katikati. Ni maafisa wa kliniki waliorudi chuoni kusomea ngozi. Tangu 1992, kituo cha mafunzo ya magonjwa ya ngozi kilichoko katika Hospitali ya KCMC mjini Moshi, Tanzania, kimekuwa kikiwafunza wahudumu wa aina hii kutoka nchi nyingi za Afrika, kwa nia ya kuwapeleka mahali ambapo bingwa hafiki. Chuo cha KMTC nchini Kenya nacho kimewafunza wake. Mgonjwa akiuliza hospitalini, "Kuna afisa aliyesomea ngozi?" huenda akashangaa kusikia kwamba yupo chumba cha pili.

Tahadhari ni kwa wale wanaojiita wataalamu. Vyumba vya urembo vinavyotangaza kuondoa chunjua kwa siku moja vimezagaa mijini, na koti jeupe si shahada. Madaktari husajiliwa na Baraza la Madaktari na Madaktari wa Meno, KMPDC, na maafisa wa kliniki wana baraza lao. Jina la daktari na leseni yake ya mwaka linaweza kukaguliwa katika orodha ya baraza kwenye mtandao, na hata asiye na simu ya kisasa anaweza kumwomba kijana wa nyumbani amsaidie. Daktari halali hakasiriki akiulizwa nambari yake ya usajili.

Kuhusu gharama, Mamlaka ya Afya ya Jamii, SHA, ilichukua nafasi ya bima ya NHIF mnamo Oktoba 1, 2024. Aliyejisajili aulize mapema, kabla ya kuvua kiatu, ni huduma gani ya ngozi inayolipiwa katika hospitali aliyomo na ipi atakayolipa kwa mfuko wake. Aulize pia tiba itarudiwa mara ngapi, kwa sababu bei ya kugandisha inayotajwa mlangoni kwa kawaida ni ya mara moja, ilhali safari huwa nne au tano.

Siku ya kwenda, mgonjwa abebe kila dawa aliyowahi kupaka, hata ile isiyo na jina, na aseme kwa kweli kama aliwahi kutumia wembe au mnyaa. Asipake rangi ya kucha wala mafuta mahali penye ugonjwa. Mwenye chunjua mguuni avue viatu vyote viwili, si kimoja, kwa kuwa daktari atataka kuona nyayo zote mbili na nafasi zilizo kati ya vidole.